Daftari la Kwaresima

Kibaoni, Ifakara
12 Februari 1998

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, ambaye nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa mbele yake tangu kabla hatujazaliwa.

Mpwa wangu mpendwa Viktor,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninakusalimu wewe, mkeo Aurelia na mtoto wenu, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta wazima. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalonikumbusha kila asubuhi kwamba miaka thelathini na minne ya ukatekista niliitembea kwa miguu. Mvua ya mwaka huu hatujapata kuiona mfano wake. Mabasi ya kutoka kwenu yanaishia Kidatu, abiria wanapita kwa miguu palipokatika na kupanda basi jingine. Barua hii ikichelewa, usinilaumu.

Kipindupindu kimetufikia. Juma lililopita tulizika watu sita hapa mjini, bila matanga, bila kula pamoja. Jana tuliitwa mkutanoni, na Bwana Adolf, mwenyekiti wa kamati ya kipindupindu, akatueleza kwamba fedha zilizopo hazitoshi kufanya kila jambo. Kwa hiyo mtaalamu wa uchumi wa afya huko Dar es Salaam atapiga hesabu na kutuambia lipi lifanywe na lipi liachwe. Mtu mmoja wa nyuma akauliza, "Huyo mtaalamu ana bei ya mtu mzima na bei ya mtoto, au tunapimwa kwa kilo?" Watu wakacheka. Adolf akajibu, "Muulizeni mzee Kelestini. Mtaalamu mwenyewe ni mpwa wake." Kicheko kikakoma, wote wakanigeukia.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Nilikufundisha sala na tarakimu katika ubao mmoja, kwa hiyo nina haki ya kukuuliza. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, na tauni ikawaangukia. Wewe unawahesabu wakati tauni imekwisha kuanguka. Unahesabu nini, mwanangu, na kwa ajili ya nani?

Mama yako ni mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Yuko ng'ambo ya mto, shambani Lyandango, tangu Desemba. Nilipompelekea ujumbe arudi mjini kwa sababu ya ugonjwa, alijibu hivi: "Mwambie kaka awasomee nguruwe pori tangazo la Adolf. Wakikubali kutogusa mpunga wangu, nitarudi siku hiyo hiyo."

Mungu akulinde.

Mjomba wako,
Kelestini


Dar es Salaam
20 Februari 1998

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Milele, amina. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mtoto ameota jino la pili. Pole kwa misiba, na pole kwa goti.

Swali lako limenikalisha kitako. Nitajaribu kulijibu kama ulivyonifundisha kujibu katekisimu, bila kuzungukazunguka.

Ugonjwa huu umeizunguka dunia nzima, Mjomba, na miongozo yake mingi imeandikwa na watu wa nchi zenye uwezo. Wao wakitakiwa kuchagua kati ya mambo mawili, hufanya yote mawili. Sisi shilingi ikipita mlango huu haipiti ule. Dripu moja ya ziada mjini ni pakiti kadhaa za dawa ya kurudishia maji mwilini ambazo hazitafika kijijini. Tusipochagua kwa hesabu, atachagua mwenye sauti kubwa, na mara nyingi mwenye sauti kubwa si mgonjwa. Sipangi bei ya mtu. Ninatafuta namna ya kuokoa wengi zaidi kwa kidogo tulicho nacho.

Kwa Ifakara zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza: kufunga pantoni na soko la vyakula ili ugonjwa usivuke mto, na kujenga kambi moja ya matibabu mjini. Ya pili: kuacha pantoni ifanye kazi, na kusambaza vituo vidogo vya pakiti na maji yaliyochemshwa pande zote mbili. Njia ya pili inahitaji watu, mitumbwi na dawa nyingi. Na rejesta ya mabalozi wa nyumba kumi inaonyesha kwamba upande wa Lyandango kuna kaya thelathini na moja tu. Kutumia kiasi hicho kwa kaya thelathini na moja kungekuwa kuwanyima wengine. Kwa hiyo nimependekeza njia ya kwanza. Wakubwa wamekubali. Pantoni itafungwa tarehe 27.

Nakuomba umrudishe mama kabla ya siku hiyo. Mwambie nitamnunulia mpunga wote utakaoliwa na nguruwe.

Mwanao,
Viktor


Kibaoni
28 Februari 1998

Kwa jina la Mungu mwenye rehema, anayetukumbusha kila Jumatano ya Majivu kwamba sisi ni mavumbi.

Mpwa wangu Viktor,

Salamu nyingi kwako na nyumba yako. Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama. Ninakiri kwamba nilikuhukumu upesi. Nilikuwa nimemkumbuka Daudi nikamsahau Yusufu, ambaye naye alihesabu, akaweka akiba, akaigawia Misri nafaka katika miaka saba ya njaa. Daudi alihesabu ili aone ukubwa wake. Yusufu alihesabu ili watu wale. Kama hesabu yako ni ya Yusufu, basi ni uwakili, na sina ugomvi nayo.

Lakini ninao ugomvi na kaya thelathini na moja.

Pantoni ilifungwa jana. Juzi nilivuka kumfuata mama yako. Nilimkuta amesimama chini ya dungu lake la kulalia na kulindia mpunga, jembe mkononi, akitukanana kwa furaha na jirani yake Mashimba, yule Msukuma mwenye ng'ombe. "Wewe Mashimba, hawa ng'ombe wako wanakuja kusali rozari katika mpunga wangu?" Mashimba akamjibu, "Mama Viktor, ng'ombe wangu wana adabu. Wanaoiba ni nguruwe wenu wa Kikatoliki." Nilimpa ujumbe wako wa kununua mpunga. Akacheka hadi akakaa chini. "Kila mtu wa Lyandango ana mtoto Dar wa kumnunulia mpunga? Nikiondoka mimi, wa kando yangu naye ataondoka, na Juni tutakufa kwa njaa badala ya kuhara. Mwambie Viktor ale chakula ashibe, aache kufikiri akiwa na njaa."

Alikataa kurudi. Nilimwachia pakiti mbili za dawa nilizopewa zahanati.

Sasa nisikilize. Nikiwa juu ya dungu lake, palipokucha, nilitazama bondeni nikaona moshi wa mafiga pande zote hadi macho yakachoka. Haikuwa mioshi thelathini na moja. Na wewe unajua, kwa maana ulizaliwa katika dungu hilo hilo, mwezi wa Machi, mvua ikinyesha, nami nikaitwa kukubatiza ubatizo wa dharura kwa maji ya mtungini.

Wakatekista wa bonde hili tuna desturi ambayo hakuna ofisi iliyotufundisha. Kila Kwaresima tunazunguka mashambani na daftari, dungu kwa dungu, tukiandika nani ataungama, nani ni mgonjwa, mtoto wa nani hajabatizwa. Tunafanya hivyo kwa sababu kanisani wakati huu hakuna watu. Wako kwenye mpunga. Mwaka huu katekista kijana anaumwa. Nimeomba ruhusa kwa kamati nivuke kwa mtumbwi kufanya kazi yake, na Adolf amenipa, kwa sharti nikae huko hadi kazi iishe, nisiwe ninavuka na kurudi. Nitaandika kila moshi, wa Mkristo na wa asiye Mkristo.

Mjomba wako,
Kelestini


Dar es Salaam
9 Machi 1998

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakusubiri ukirudi. Sisi ni wazima.

Nina habari ambazo kwanza zilinifurahisha. Tangu pantoni ifungwe, wagonjwa wanaoandikwa kambini Ifakara wamepungua zaidi ya nusu. Wakubwa wamenipongeza mbele ya watu. Wanataka mpango huu wa Ifakara ufuatwe katika wilaya nyingine nne zenye mito na vivuko, na uamuzi utatolewa katika kikao cha Alhamisi, tarehe 26. Mimi ndiye nitakayewasilisha.

Kisha ikaja barua yako. Nilikwenda kuitazama ile rejesta. Iliandikwa Septemba, Mjomba. Septemba, wakati hata mama yuko Kibaoni akitengeneza paa. Nimekaa nayo mezani siku mbili. Niliyezaliwa dunguni nimewahesabu watu wa bonde mwezi ambao hawako bondeni.

Lakini siwezi kusimama kikaoni na moshi. Watanicheka, na watakuwa na haki. Nipe kitu kinachoweza kuandikwa: kaya ngapi, wagonjwa wangapi, umbali gani kutoka mtoni. Kifike kabla ya tarehe 26.

Na mama? Ana hali gani? Uniambie kwa neno lako mwenyewe.

Mwanao,
Viktor


Kibaoni
19 Machi 1998, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu

Kwa jina la Mungu aliye hai, anayeliona bonde lote kwa mara moja.

Mpwa wangu Viktor,

Ninakusalimu kwa amani ya Kristo. Nimerudi jana baada ya siku kumi na sita. Ninaandika kwa haraka ambayo si desturi yangu, kwa sababu basi linaondoka alfajiri na utingo wake ameniapia kwamba atakukabidhi mkononi.

Kaya nilizoziandika ni mia nne na kumi na mbili. Za Wakristo nilizijua kwa daftari. Za wafugaji alinionyesha Mashimba, boma kwa boma, akiniendesha kwa mkokoteni wake wa ng'ombe pale goti liliposhindwa.

Wagonjwa wenu walipungua kambini kwa sababu hawakuweza kufika. Hawakupungua duniani. Ugonjwa ulikwisha kuvuka kabla ya pantoni kufungwa, na mlipoufungia mlango, mliufungia ndani pamoja na watu. Tangu tarehe 27 wamekufa ishirini na watatu. Hawakuandikwa popote, wamezikwa kando ya mashamba yao.

Hesabu ya kweli lazima ijue kila gharama. Basi kufunga pantoni kulionekana rahisi kwa sababu serikali haikutoa kitu. Aliyelipa ni mwingine, naye hakuulizwa.

Orodha ya hao ishirini na watatu nimeiambatisha. Sikuandika majina; nimeandika yale uliyoniomba. Utaona, kwa mfano, mstari wa nne: mtoto mwanamume, miaka mitatu, mwendo wa saa mbili hadi mtoni, alifia njiani. Mstari wa tisa: mwanamume, miaka arobaini, alifika mtoni, hapakuwa na mtumbwi uliokubali kumchukua kwa kuogopa faini ya kuvusha watu. Mstari wa kumi na moja: mwanamke, miaka hamsini na tisa, peke yake dunguni, aliugua alfajiri, akafa saa tisa alasiri, hapakuwa na dawa. Mstari wa kumi na nne na wa kumi na tano ni mama na mwanawe.

Waliopata maji yaliyochemshwa yenye dawa mapema walipona karibu wote. Hao pia nimewaandika, upande wa pili wa karatasi. Usiwasahau, kwa maana ndio hoja yako.

Simama siku hiyo kama nilivyokufundisha kusimama kusoma somo kanisani: usikimbie maneno, na utazame watu.

Mjomba wako,
Kelestini


Dar es Salaam
30 Machi 1998

Mjomba,

Shikamoo.

Kikao kilikuwa kigumu. Mkubwa mmoja aliuliza, "Takwimu hizi zimetoka chombo gani?" Nikasema, daftari la Kwaresima la katekista. Wakacheka kidogo. Nikawaacha wamalize, kisha nikasoma. Nilipanga hesabu zote mbili kandokando: ile ya awali, iliyotazama mfuko wetu peke yake, na ile mpya, inayotazama pia siku za palizi zilizopotea, mpunga ulioachwa, na watu ishirini na watatu. Njia iliyokuwa rahisi ikawa ghali kuliko zote. Hakuna aliyecheka tena.

Wameamua. Pantoni ifunguliwe, mitumbwi ichukue wagonjwa bila faini, na vituo kumi na viwili vya pakiti viwekwe upande wa mashambani. Zile wilaya nne hazitafunga vivuko. Zitaanza kwa kuuliza watu wako wapi mwezi huu.

Katika kueleza, nilihitaji mfano mmoja ambao kila mtu angeuelewa. Nilichagua mstari wa kumi na moja. Mwanamke peke yake, saa chache, hakuna dawa. Nilipiga hesabu mbele yao: pakiti mbili na sufuria moja ya maji ya moto. Nilisema, hiyo ndiyo bei ya kutomzika mwanamke huyu, na sisi tuliona ni ghali. Niliirudia mara mbili.

Jana Bi Ursula, mpiga chapa wetu, alikuwa akiinakili orodha. Akaniuliza, "Kaka Viktor, huyu wa kumi na moja ana umri kama mama yako, sivyo? Maskini, hata wa kumshika mkono hakuwa naye."

Mjomba, nilikuuliza habari za mama kwa neno lako mwenyewe. Barua yako ina kurasa tatu na haina neno hilo. Ulimwachia pakiti mbili, na huyu hakuwa na dawa. Kwa hiyo si yeye. Nimejiambia hivyo tangu jana. Niambie na wewe.

Viktor


Kibaoni
13 Aprili 1998, Jumatatu ya Pasaka

Kwa jina la Baba aliyemtoa Mwana, na la Mwana aliyelala kaburini siku tatu, na la Roho anayetufariji tusiostahili.

Mwanangu Viktor,

Ninakusalimu nikiwa nimepiga magoti, kwa kadiri goti linavyoniruhusu.

Ni yeye. Mstari wa kumi na moja ni mama yako, dada yangu Dorotea. Alifariki Jumamosi, tarehe 14 Machi.

Utauliza kuhusu pakiti mbili. Siku mbili kabla, mke wa mtoto wa Mashimba aliugua akiwa na mimba ya miezi saba. Mama yako alimpelekea pakiti zote mbili. Mashimba alimwambia abakize moja. Akasema, "Mimi nina mdomo mmoja, yeye ana miwili." Yule binti alipona. Mimi nilikuwa upande wa juu wa bonde na daftari langu, mwendo wa saa tatu. Mashimba ndiye aliyemkuta alipokwenda kumtania asubuhi, naye akamtuma mtu kunifuata, akakimbiza mkokoteni mtoni kutafuta mtumbwi. Hakupata. Nilifika saa nane. Alinijua. Tulisali. Akanena maneno machache, na la mwisho nililolisikia vizuri lilikuwa hili: "Mpunga wa mbegu uko kwenye kilindo, msije mkaula." Nilimzika kando ya dungu, mimi na Mashimba, bila nyimbo. Kisha nikafungua daftari nikamwandika, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuandikwa kumi kabla yake.

Sasa ungamo langu. Posta ya Ifakara ilikuwa wazi nilipovuka. Ningeweza kukupigia simu ya maandishi, na sikupiga. Nilijua ukisikia utaiacha meza ile na kuja, au utasimama kikaoni ukilia, na wao watasema, huyu anamtetea mama yake. Nami nilikuwa nimewaacha nyuma yangu watu wa kaya mia nne na kumi na mbili. Nilipima siku zako kumi na mbili za kutojua upande mmoja, na wao upande wa pili. Nilifanya hesabu, Viktor, kama wewe. Na kama ilivyokuwa kwako, gharama aliilipa mtu ambaye hakuulizwa.

Nimeungama kwa padri. Amenipa malipizi, nami nimeyatimiza, lakini malipizi hayo si kwako. Kwako nina deni ambalo siwezi kukudai ulisamehe. Sisemi nilikosea, na sisemi nilifanya vema. Nasema nililifanya mimi, kwa akili timamu, na nitalijibu siku ile ya hukumu.

Vituo vimefika. Cha tano kimewekwa kwenye dungu la mama yako, kwa sababu kila mtu bondeni analijua. Tangu vifunguliwe, watu themanini na sita wamekunywa dawa pale, na waliokufa ni wawili. Padri ameagiza kwamba kila mwaka nakala ya daftari la Kwaresima ipelekwe zahanati kabla ya Jumapili ya Matawi.

Jirani zake wamegawana kuulinda mpunga wake. Yule mkwe wa Mashimba ndiye mwenye zamu ya asubuhi, anawinga ndege kwa kelele za Kisukuma, na tumbo lake mbele. Juni watauvuna. Hatutaanza bila wewe, na matanga tuliyonyimwa tutayaweka siku hiyo.

Ndani ya bahasha hii kuna orodha ile ile ya watu ishirini na watatu. Safari hii nimeandika majina, yote, kwa mwandiko wangu mkubwa ili uyasome bila miwani. Iweke mezani kwako, kando ya hesabu.

Usiponiandikia, nitaelewa. Nitakuwa nikikuombea kila siku saa tisa alasiri.

Mungu wa baba zetu, anayewaita kwa majina hata wale tuliowapa namba, akubariki wewe na Aurelia. Ambariki mtoto wenu akue na ulimi wa bibi yake. Aibariki meza unayokalia, mkono unaoandika juu yake, na kila nyumba ambayo mkono huo utaigusa bila kuiona, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Amina.

Mjomba wako,
Kelestini